Nani anaamua kwamba mtaa umechakaa?

Duka la Max Morris halikuwa bovu. Lilikuwa duka kubwa la bidhaa mchanganyiko upande wa kusini-magharibi wa jiji la Washington, jengo la biashara ambalo halikuwa makazi ya mtu, na wenyewe walilitetea hivyo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani: hili si banda, kwa nini litwaliwe? Mwaka 1954, katika kesi ya Berman dhidi ya Parker (Berman alikuwa msimamizi wa mirathi ya Morris), majaji walikubaliana kwa kauli moja kwamba linaweza kutwaliwa. Hawakusema duka ni bovu. Walisema ubovu au uzima wa duka hilo moja hauamui kitu, kwa sababu kinachopimwa ni mtaa.

Na mtaa wenyewe ulikuwa na takwimu nzito. Katika sehemu iliyopewa jina la Eneo B waliishi watu 5,012. Ukaguzi ulionukuliwa kwenye hukumu ulisema asilimia 64.3 ya nyumba hazitengenezeki tena, asilimia 57.8 zilikuwa na vyoo vya nje, asilimia 60.3 hazikuwa na bafu, na asilimia 29.3 hazikuwa na umeme. Hukumu hiyo hiyo inataja, kwa kupita tu, kwamba asilimia 97.5 ya wakazi walikuwa watu weusi. Jaji William O. Douglas, aliyeiandika, alieleza kwamba mamlaka iliyopewa kazi ya kuufufua mji hailazimiki kwenda jengo kwa jengo. Inaweza kuchora mstari kuzunguka eneo zima na kulipanga upya, vizima na vibovu kwa pamoja. Na mstari huo upite wapi? Hilo nalo aliliacha mikononi mwa wabunge na mamlaka walizoziunda, si mikononi mwa mahakama.

Nimeanza na duka hilo kwa sababu wengi hudhani kuwa eneo chakavu ni jambo la macho: unapita, unaona madirisha yamevunjika na paa limebonyea, unajua. Kisheria, nchini Marekani, uchakavu ni tamko. Linaandaliwa ripoti, linapigiwa kura na madiwani, na likishapita, mambo ambayo jana yake mji haukuwa na ruhusa ya kuyafanya yanakuwa halali. Kati ya kinachoonekana barabarani na kinachoandikwa kwenye tamko kuna pengo, na ndani ya pengo hilo watu wamepoteza nyumba zao.

Neno lenyewe la Kiingereza, blight, limetoka shambani. Ni ugonjwa wa mimea, ule ambao wakulima wa viazi na nyanya wanauita bakajani: leo doa dogo kwenye jani moja, wiki ijayo shamba zima limeungua. Wataalamu wa mipango miji wa Marekani walilihamishia mjini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na naona kuazima huko kulifanya kazi kubwa kuliko kifungu chochote cha sheria. Ukikubali kwamba mtaa unaugua bakajani, umekubali na tiba yake. Mkulima haoni huruma na mche mmoja mzima uliosimama katikati ya iliyoungua. Anang'oa yote, anachoma, anapanda upya. Nyumba nzuri katika mtaa mbaya inahesabiwa kuwa mche ambao dalili zake bado hazijatoka.

Lakini nyumba haiambukizwi na upepo. Paa linavuja kwa sababu halikutengenezwa, na mara nyingi halikutengenezwa kwa sababu mwenye nyumba alinyimwa mkopo. Miaka ya 1930 shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200, likipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa wakopeshaji. Mitaa ya watu weusi, kwa sehemu kubwa, iliangukia kwenye wekundu huo. Idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba nayo ilikataa kudhamini nyumba za mitaa ya aina hiyo. Kisha, miaka 20 baadaye, wakaguzi walipita humo humo na kalamu zao wakaandika kwamba majengo hayatunzwi.

Sasa, tamko linafungua nini hasa? Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani yanairuhusu serikali kutwaa mali ya mtu kwa matumizi ya umma, ilimradi ilipe fidia ya haki. Barabara, shule, ngome ya jeshi: hayo kila mtu anayaelewa. Kuchukua nyumba ya mtu na kuikabidhi kampuni binafsi ijenge ghorofa za kuuza ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo tamko linapofanya kazi yake. Hoja inayopokelewa na mahakama ni kwamba kuondoa uchakavu chenyewe ni faida ya umma. Atakayepewa kiwanja baadaye ni suala la utekelezaji. Bila tamko, ni uporaji. Likiwepo, ni usafi wa mji.

Kilichofuata ni pesa. Sheria ya Makazi ya mwaka 1949 iliahidi kwamba mji ukinunua eneo chakavu, ukabomoa, ukasafisha na kumuuzia mwekezaji kwa bei ya chini, serikali kuu italipa theluthi mbili ya hasara. Jiweke kwenye kiti cha meya wa miaka hiyo. Mitaa ya katikati ya mji imejaa wapangaji maskini, matajiri wamehamia vitongojini, mapato ya kodi yanashuka, na serikali kuu inasema iko tayari kubeba sehemu kubwa ya gharama ilimradi eneo litangazwe kuwa chakavu. Haikuwa ajabu kwamba uchakavu ulionekana kila mahali. Huko Pittsburgh, mtaa wa Lower Hill ulibomolewa na watu zaidi ya 8,000 wakaondolewa. Juu ya sehemu ya ardhi hiyo ukajengwa ukumbi mkubwa wa michezo na maonyesho uliofunguliwa mwaka 1961. Huko Boston, West End nzima ilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaa ambao mwanasosholojia Herbert Gans, aliyewahi kuishi humo, aliukuta umejaa familia zilizojuana, zikitembeleana na kusaidiana. Nchi nzima, kati ya mwaka 1950 na 1966, mpango huo uliziondoa familia zaidi ya 300,000. Watu weusi waliupa jina lao: walisema kuufanya mji mpya maana yake ni kuwaondoa weusi.

Fungu hilo la fedha lilifungwa mwaka 1974. Tamko halikufungwa. Lilikuwa limeshakita mizizi kwenye sheria za majimbo, na kila jimbo lina namna yake ya kulitoa. Nachukua New Jersey kama mfano kwa sababu utaratibu wake umeandikwa kwa kina, na mahakama zake zimeuhoji sana.

Katiba ya New Jersey ya mwaka 1947 inataja wazi kwamba kusafisha na kuendeleza maeneo chakavu ni kazi ya umma. Sheria ya mwaka 1992 ilibadilisha maneno ikaanza kusema "eneo linalohitaji uendelezaji upya", maneno laini zaidi, nguvu ile ile. Hatua ya kwanza ni baraza la mji kupitisha azimio la kuiagiza bodi ya mipango miji ichunguze viwanja fulani vilivyotajwa kwa namba. Tangu mwaka 2013 azimio hilo lazima liseme tangu mwanzo kama mji unataka kubaki na uwezo wa kutwaa viwanja au la. Bodi inaandaa ramani ya mipaka pamoja na maelezo ya kwa nini eneo linachunguzwa, na kwa kawaida kazi ya uchunguzi hupewa mshauri mwelekezi. Mshauri hupita mtaani, hupiga picha, husoma rekodi za kodi na za ukaguzi wa majengo, kisha huandika ripoti. Baada ya hapo kunakuwa na kikao cha wazi, kilichotangazwa hadharani na kwa barua, ambapo kila pingamizi, la mdomo au la maandishi, lazima lipokelewe na kuingizwa kwenye kumbukumbu. Bodi inapendekeza, madiwani wanapiga kura. Mwenye kiwanja hupelekewa taarifa, na ana siku 45 za kwenda mahakamani.

Siku 45 ni chache kwa mtu ambaye hajawahi kumwona wakili. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya jimbo, katika kesi iliyotoka mji wa Harrison, ilisema kwamba kama taarifa haikumweleza mwenye mali waziwazi kwamba tamko linaruhusu kutwaliwa kwa kiwanja chake, basi bado anaweza kulipinga tamko hilo baadaye, siku mji utakapokuja kuchukua. Kabla ya hapo, watu walipuuza karatasi zenye lugha ya "uendelezaji upya" wakidhani wanaletewa taa za barabarani.

Kipengele kimoja cha sheria hiyo kinafaa kusomwa polepole. Kinasema eneo linaweza kujumuisha viwanja ambavyo vyenyewe havina kasoro, ikiwa vinahitajika ili mradi ufanikiwe. Ni lile lile duka la Morris, safari hii likiwa kifungu cha sheria.

Vigezo ndivyo moyo wa jambo hili, nami nitakaa hapo kidogo.

Kuna vigezo ambavyo mtu yeyote angevikubali: jengo lisilo salama, lisilo na hewa wala mwanga, lisilo na maji taka, lililotelekezwa. Ukisimama mbele yake na jirani yako, mtakubaliana. Kuna kundi la pili ambalo halionekani kwa macho hata kidogo, kwa sababu halipimi nyumba, linapima nafasi ambayo mwekezaji angeitaka. Mpangilio wa viwanja uliopitwa na wakati. Eneo kumilikiwa na watu wengi. Ardhi kutotumika "ipasavyo". Fikiria hicho cha umiliki wa watu wengi: kila mtaa wa kawaida wa nyumba za familia una wenye nyumba wengi. Kwa mwenye nyumba hiyo ni heri. Kwa mwekezaji anayehitaji ekari kumi kwa mpigo ni kikwazo, na sheria imekubali kukiita kikwazo hicho dalili ya ugonjwa.

Illinois inaorodhesha sababu 13, na eneo lililojengwa likitimiza tano linaweza kuitwa chakavu. Moja ni kwamba lilijengwa kabla au bila ya mpango wa jumla wa mji, hali ambayo inaikumba mitaa mingi ya zamani. Nyingine ni kwamba thamani ya eneo ilishuka, au ilipanda polepole kuliko sehemu nyingine za mji huo, kwa miaka mitatu kati ya mitano iliyopita. Hebu lipime hilo. Thamani haziwezi kupanda kwa kasi sawa kila mahali. Daima kutakuwa na sehemu iliyo nyuma ya wenzake, hata katika mji uliojaa matajiri. Na kama eneo halijafikia uchakavu, kuna daraja la chini yake: nusu ya majengo yawe na umri wa miaka 35 au zaidi, na sababu tatu tu kati ya hizo 13.

Mwaka 2003 kitongoji cha Lakewood, kando ya Cleveland katika jimbo la Ohio, kilivuta vigezo hadi vikakatika. Nyumba ilihesabiwa kuwa chakavu ikikosa hata kimoja kati ya hivi: vyumba vitatu vya kulala, mabafu mawili, gereji ya magari mawili iliyoungana na nyumba, au kiyoyozi cha nyumba nzima. Ilibainika kwamba nyumba ya meya mwenyewe isingepita. Wapigakura waliukataa mradi, meya akashindwa uchaguzi, na mwaka 2004 wakapiga kura tena kulifuta jina hilo lililobandikwa mtaa wao. Lakewood walibahatika: walikuwa na sanduku la kura, na wakaungana kabla majembe hayajafika.

Huko Brooklyn, New York, mradi wa Atlantic Yards uliopangiwa uwanja wa mpira wa kikapu na maghorofa ulitegemea ripoti ambayo, pamoja na nyufa za njia za miguu na magugu, ilihesabu kuwa kasoro kiwanja chenye jengo lisilofikia asilimia 60 ya ukubwa unaoruhusiwa na kanuni. Maana yake, nyumba ndogo mahali panaporuhusiwa kubwa ni dalili ya uchakavu, na mji unaweza kuizalisha dalili hiyo kwa kupandisha kiwango kinachoruhusiwa. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliupitisha mradi mwaka 2009. Majaji hawakusema wamevutiwa na ripoti. Walisema si kazi yao kuweka maoni yao mahali pa maoni ya wakala wa serikali maadamu kuna sababu ya kueleweka.

Hicho ndicho kipimo cha mahakama nyingi, na ndiyo sababu mtu anayetaka kuelewa matamko haya asitazame vigezo peke yake. Atazame tarehe. Katika hadithi tunayosimuliwa, mji unagundua uchakavu, unatangaza, kisha unatafuta wa kujenga. Mara nyingi mpangilio umekuwa kinyume: mwekezaji anakuja kwanza na mchoro, ndipo mji unaagiza uchunguzi, na mipaka ya "ugonjwa" inafuata mipaka ya mchoro.

Norwood, Ohio, mji mdogo uliozungukwa na Cincinnati, ndio mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua. Kampuni iliyotaka kujenga maduka, ofisi na nyumba ndiyo iliyotoa fedha za kumlipa mshauri aandike ripoti ya hali ya mtaa. Ripoti ikasema mtaa "unaelekea kuharibika". Miongoni mwa kasoro zilizohesabiwa ni mitaa isiyopenya na umiliki wa watu wengi. Na mtaa huo ulikatwa na nini? Na barabara kuu ya I-71 iliyopitishwa humo miaka ya 1960. Serikali ilikata mtaa, kisha makovu ya kukatwa yakaandikwa dhidi ya waliobaki.

Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwa kauli moja kwamba haitoshi. Neno "unaelekea kuharibika" lilikuwa pana mno kiasi kwamba mtaa wowote ungeingia humo, na kutwaa nyumba ya mtu kwa kukisia kesho yake ni kinyume cha katiba ya jimbo. Hukumu hiyo naiheshimu sana, kwa sababu ilifanya jambo ambalo majaji wa mwaka 1954 walikataa kulifanya: ilisoma ripoti yenyewe.

Hapa lazima niguse kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London, kwa sababu watu huichanganya na mambo haya kila mara. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliruhusu mji huo wa Connecticut utwae nyumba za Susette Kelo na majirani zake ili kupisha mradi ulioambatana na kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Katika kesi hiyo hakuna aliyedai nyumba zao ni chakavu. Hoja ilikuwa ajira na kodi tu. Ghadhabu ilikuwa kubwa, na majimbo zaidi ya 40 yakabadilisha sheria zao kuzuia utwaaji wa kukuza uchumi. Ila mengi kati yake yaliacha mwanya: huruhusiwi kutwaa kwa ajili ya uchumi, isipokuwa eneo likiwa chakavu. Pale ambapo vigezo vya uchakavu havikukazwa, mlango uliofungwa mbele uliachwa wazi nyuma. Florida ni kati ya machache yaliyofunga yote mawili, mwaka 2006. Pfizer nayo ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaondoka New London, na ardhi ilimokuwa nyumba ya Kelo ikabaki tupu kwa miaka mingi.

Wakati huo huo, utwaaji si matumizi pekee ya tamko, na siku hizi pengine si matumizi makubwa zaidi. Matamko mengi yanapigiwa kura kwa ajili ya kodi. Tuseme viwanja vya eneo fulani vina thamani ya dola milioni 10. Likitangazwa, thamani hiyo inagandishwa kwenye vitabu. Shule, wilaya na huduma nyingine zinaendelea kupata kodi ya milioni 10. Thamani ikifika milioni 15, kodi ya ile tano ya ziada haiendi kwao. Inaingia kwenye mfuko wa eneo lenyewe, kulipia barabara, mabomba, au motisha kwa wawekezaji. Huko Illinois hali hiyo inaweza kudumu miaka 23. Ni chombo chenye maana mahali ambapo kweli hakuna ambaye angejenga bila msaada. Lakini kama thamani ingepanda hata hivyo, basi kinachofanyika ni kuhamisha fedha za shule kwa jina la uchakavu.

California ilikuwa na uzoefu mrefu kuliko wote. Sheria yake ni ya mwaka 1945, na utaratibu wa kugandisha kodi ulipitishwa na wapigakura mwaka 1952. Kufikia mwisho kulikuwa na wakala takriban 400 wa uendelezaji, wakichukua karibu asilimia 12 ya kodi yote ya majengo jimboni. Bunge lilijaribu kukaza: mwaka 1993 lilidai eneo liwe limeshajengwa kwa kiasi kikubwa, na uchakavu uthibitishwe kwa upande wa majengo na kwa upande wa uchumi pia. Maeneo yaliyokwisha kutangazwa zamani yaliendelea. Katika mji wa Coronado, ufukweni mkabala na San Diego, eneo la mradi lilifunika kila kiwanja cha mtu binafsi mjini, zikiwemo nyumba za mamilioni ya dola zinazotazama bahari. Jimbo lilipokumbwa na upungufu wa bajeti, wakala wote walivunjwa, tarehe 1 Februari 2012. Walichopoteza wananchi ni kwamba asilimia 20 ya fedha hizo ilitengwa kisheria kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha chini, nalo fungu hilo likaondoka nao. Tamko lililotumika vibaya lilizama na kitu chema mkononi.

Kuna madhara mengine ambayo hayaingii kwenye ripoti yoyote. Tangazo likishatoka, hata kabla ya nyumba moja kuguswa, mwenye nyumba anaacha kubadilisha paa, kwa nini atumie fedha kwa kitu kitakachobomolewa? Benki inasita. Mpangaji mwenye uwezo anahama, nyumba inakaa tupu, wezi wa nyaya wanaingia. Miradi mingine huchukua miaka kumi na haianzi. Ukirudi kupiga picha, uchakavu uliotabiriwa sasa upo, na aliyeutabiri anaweza kusema aliona mbali.

Je, ina maana hakuna uchakavu wa kweli? Upo, na wanaoishi jirani nao ndio wanaoumia zaidi. Nyumba iliyoachwa wazi ni moto unaosubiri usiku. Detroit iliamua kuhesabu kwa njia tofauti. Majira ya baridi ya mwaka 2013 kuingia 2014 timu za wakazi zilizunguka na kompyuta za mkononi, zikapiga picha na kuandika hali ya viwanja karibu 380,000, kimoja kimoja. Ripoti ya Mei 2014 ilitaja majengo na viwanja 84,641 vilivyochakaa au vilivyokuwa na dalili za kuelekea huko. Unaweza kubishana na ubomoaji uliofuata, na wakazi wamebishana nao. Lakini mzani ulikuwa nyumba. Mama aliyepaka rangi mlango wake hakuunganishwa kwenye hesabu na kibanda kilichoungua jirani yake. Baltimore nayo hutumia mahakama kumteua msimamizi wa jengo moja lililotelekezwa, ili liuzwe kwa anayeweza kulitengeneza. Kazi ya namna hii ni ya polepole, haina sherehe ya uzinduzi, na haimpatii mtu ekari kumi.

Pale ambapo mzani unabaki kuwa eneo, kinachobaki ni ubora wa ushahidi, na huko New Jersey vuta nikuvute inaendelea. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya jimbo, katika kesi ya Gallenthin dhidi ya mji wa Paulsboro, ilikataa eneo la ardhi, sehemu kubwa yake kinamasi, liitwe chakavu eti kwa sababu "halitumiki kikamilifu". Kwa mizani hiyo, ilisema, karibu mali yoyote ingeingia. Mwaka 2015, katika kesi ya Hackensack, ikalegeza kamba, ikasema hukumu ile haikuvigusa vigezo vyote. Kisha Machi 2023 ikaja kesi ya West Orange. Mji ulikuwa umeitangaza maktaba yake ya umma kuwa eneo linalohitaji uendelezaji upya, ili nafasi hiyo ijengwe nyumba za wazee, lengo ambalo hakuna mwenye moyo anayelichukia. Jengo lilikuwa la zamani, mfumo wake wa joto umechoka. Lakini watu walikuwa wanaingia humo kila siku kusoma, watoto walikuwa na vipindi vyao, na madiwani walikuwa wameendelea kuligharamia. Mahakama ilisema kuukuu hakutoshi, wala kwamba mahali hapo pangeweza kufanywa kitu bora zaidi hakutoshi. Lazima kumbukumbu za kikao zionyeshe madhara halisi kwa usalama, afya au ustawi wa watu, na hazikuonyesha.

Aliyeifungua kesi hiyo alikuwa mkazi mmoja mlipa kodi. Alishinda kwa kutumia karatasi zile zile za mji: ripoti ya mshauri, na kile ambacho hakikuwemo ndani yake. Mtu anayepata barua ya namna hiyo leo anaweza kuomba ripoti kabla ya kikao, aende na picha zake, risiti za matengenezo na kumbukumbu za ukaguzi, na ahakikishe vimeingizwa kwenye kumbukumbu, kwa kuwa jaji atasoma zilizomo humo. Barua yenyewe lakini humfikia aliyeandikwa kwenye daftari la kodi ya majengo. Mpangaji, hata kama amelala chumba hicho miaka 30, kwa kawaida hataipata. Kwake yeye habari iko kwenye ukurasa wa matangazo ya umma, kwa herufi ndogo, pamoja na namba za viwanja ambazo hazitaji jina la mtaa wake.